Lenzi ya Picha za Uso kwa Kamera ya Megapikseli 61: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mji Mkongwe

Mpiga picha ninayemzungumzia ana studio ndogo katika mtaa wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe, na kwa miaka mingi riziki yake imetokana na harusi na picha za pasipoti. Niliwahi kumfundisha misingi ya kazi hii, na ndiyo maana hadi leo ananiita Maalim. Mwanzoni mwa kaskazi alinijia na ombi lililoonekana jepesi. Alikuwa amepata kazi ya kupiga picha kumi na mbili za mafundi wazee wa Mji Mkongwe: wachonga milango, washona kofia, mafundi wa majahazi na wapigaji wa ala za taarabu. Kila picha ilitakiwa ichapwe kwa ukubwa wa sentimita 60 kwa 90 na kutundikwa katika ukumbi ambamo watazamaji watapita karibu nazo kiasi cha kuweza kuzigusa. Kwa ajili ya kazi hiyo aliiweka kando kamera yake ya megapikseli 24, akanunua Sony A7R IV iliyokwisha kutumika, kamera isiyo na kioo cha ndani, iliyozinduliwa mwaka 2019, ambayo kihisi chake, yaani kile kibapa kinachopokea mwanga, kina megapikseli 61. Lenzi aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, 85mm f/1.8 (85mm ni urefu wa lenzi, unaoamua picha ivute karibu kiasi gani; namba ya f hupima tundu la kupitisha mwanga, na ikiwa ndogo tundu ni kubwa), iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera za kioo, naye akaifunga kwa adapta. Alipiga picha za majaribio zipatazo mia mbili, akazifungua kwenye kompyuta, akazikuza mpaka kila pikseli ya picha ikae juu ya pikseli moja ya skrini, akavunjika moyo.

"Maalim," aliniambia, "nitafutie lenzi kali ya picha za uso. Hii imeshanishinda, na fedha niliyonayo inatosha lenzi moja tu. Sitaki kukosea."

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali lake naulizwa mara kwa mara tangu kamera za pikseli nyingi zilipoanza kufika Unguja kwa bei za mtumba, na kwa sababu jibu nililokuwa nalo kichwani siku ile ya kwanza silo tulilofikia mwisho.

Kabla ya kutaja lenzi yoyote niliomba nizione zile picha mia mbili, na zaidi ya picha zenyewe niliomba nione mipangilio yake, kwa kuwa kila picha ya kidijiti hubeba ndani yake kumbukumbu ya tundu la lenzi, muda wa shata, yaani muda ambao mwanga huachiwa uingie, na ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kihisi kuuitikia mwanga. Karibu zote zilipigwa kwa f/1.8, kwa muda wa 1/60 au 1/80 ya sekunde, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Yeye alikuwa ameutegemea utulizaji wa mtikisiko uliomo ndani ya kamera, akaona kwamba kwa kuwa mkono umetulizwa, shata inaweza kwenda polepole bila madhara. Kwa kamera yake ya zamani mazoea hayo yalimfaa kwa harusi nyingi, na hakuwa na sababu ya kuyatilia shaka.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, na inafaa ifahamike na kila anayehamia kamera ya namna hii. Fremu ya wima inayochukua kichwa na mabega, kiasi cha sentimita 60 kwenda juu, hukaa juu ya kihisi chenye urefu wa milimita 35.7. Pikseli moja ya kamera hii ina upana wa takriban maikromita 3.76, kwa hiyo inawakilisha kipande cha uso chenye upana wa milimita 0.06 hivi. Mzee aliyeketi kitini, anayepumua na kuzungumza, kichwa chake husogea bila yeye mwenyewe kujua. Kikisogea kwa mwendo wa sentimita moja tu kwa sekunde, ndani ya 1/80 ya sekunde kinakuwa kimeshakwenda milimita 0.125, nazo ni pikseli mbili. Kwa 1/250 mwendo huo unakuwa milimita 0.04, ambao haujazi hata pikseli moja. Utulizaji wa mtikisiko hausaidii hapa, kwa sababu unatuliza mkono wa mpiga picha. Kichwa cha mzee hauna mamlaka nacho. Hapo ndipo tulipoiona sababu ya kwanza ya picha kukosa ukali, nayo haikuwamo ndani ya lenzi.

Sababu ya pili ilikuwa kina cha fokasi, yaani nafasi ya mbele na nyuma ambamo vitu huonekana vikali. Kipimo tulichokirithi kutoka zama za filamu hukubali duara la ukungu, yaani nukta iliyosambaa, la milimita 0.03, na kwa kipimo hicho lenzi ya 85mm ikiwa f/1.8, mzee akiwa mbali kwa mita 1.5, hutoa kina cha sentimita 3.2. Kipimo hicho kilipangwa kwa chapa ndogo inayoshikwa mkononi. Tukidai kwamba ukungu usizidi pikseli mbili za kihisi hiki, kina hicho kinashuka hadi milimita 8. Fokasi ikiangukia kwenye nyusi, mboni imeshapotea. Ikiangukia kwenye fremu ya miwani, kama ilivyotokea kwa nusu ya wazee wale, jicho zima limepotea. Kamera yenyewe ina uwezo wa kulitambua jicho na kulifuata, lakini kwa lenzi ile na adapta ile uwezo huo ulikuwa ukija na kukatika, na mara nyingi kisanduku cha fokasi kilibaki shavuni.

Ndipo nilipoitazama lenzi. Niliimulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma, tundu likiwa wazi kabisa, nikaona pembeni ya kioo kimojawapo cha lenzi nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Ilikuwa fangasi, na kwa visiwa hivi si ajabu. Aidha, kila mahali ambapo kofia nyeupe ilipakana na giza la mlango, palikuwa na ukingo wa zambarau, kasoro inayojulikana sana katika lenzi za zamani zinapofunguliwa hadi mwisho. Basi lenzi nayo ilikuwa na makosa, ila nafasi yake katika orodha ilikuwa ya tatu, baada ya mwendo na fokasi. Nilimwomba asinunue chochote kwa wiki moja, aendelee na lenzi ileile kwa f/5.6 na 1/250, kiti kikisogezwa karibu na dirisha, kisha aniletee picha.

Aliporudi, tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kujiuliza kama lenzi mpya inahitajika. Kope zilihesabika. Hata hivyo mambo mawili yalibaki. Picha zote zilizopigwa zikielekea dirishani zilikuwa na weupe wa ukungu uliozififisha, na hiyo ilikuwa kazi ya fangasi kutawanya mwanga. Na katika kila picha kumi, nne au tano fokasi ilikosa jicho, kwa sababu ya adapta. Kwa mzee wa miaka themanini anayekupa nusu saa ya asubuhi yake, kupoteza nusu ya picha hakuvumiliki. Lenzi mpya ilihitajika, na sasa tulijua ilihitajika kwa ajili ya nini: fokasi ya uhakika na kontrasti, yaani tofauti safi ya weupe na weusi, mbele ya dirisha. Ukali kwenye tundu lililo wazi kabisa, ambao ndio uliomleta kwangu, ulikuwa umeshapoteza sehemu kubwa ya uzito wake.

Tulijiuliza pia ni ukali kiasi gani chapa ile ingeweza kuonyesha. Upande mrefu wa picha ya A7R IV una pikseli 9504. Zikitandazwa juu ya sentimita 90 ni pikseli 268 kwa inchi. Jicho zima la mtu, likitazama kutoka nusu mita, hutenganisha nukta zilizoachana kwa milimita 0.145 hivi, sawa na nukta 175 kwa inchi. Kamera yake ya zamani yenye pikseli 6000 ingetoa 169. Maana yake ni kwamba picha ya megapikseli 24 iliyotulia na iliyopata fokasi sawasawa ingekaribia kumtosheleza mtazamaji huyo, na picha ya megapikseli 61 iliyopoteza pikseli mbili kwa mtikisiko ingekuwa nyuma yake. Kamera mpya imeongeza pikseli kwa upande mmoja mara 1.58 tu, nyongeza hiyo hupatikana pale ambapo hakuna kitu kingine kilichoharibika njiani. Nilimweleza haya nikijua kwamba ameshatumia fedha yake, na nilitaka aitumie kamera hiyo vizuri, nisimfanye ajute.

Uchaguzi wenyewe ulianzia kwenye urefu wa lenzi, na hapa nyumba za Mji Mkongwe zilitukatia shauri. Nyumba hizi za mawe na chokaa zimeezekwa dari zake kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na mara nyingi madirisha yako kwenye ukuta mrefu. Anayetaka mwanga wa dirisha uje ubavuni mwa mzee atasimama kwa urefu wa chumba na ana nafasi. Anayetaka kumweka mzee akabiliane na dirisha anabanwa na upana. Kwa kichwa na mabega, lenzi ya 85mm inataka mita 1.5, nayo ya 135mm inataka mita 2.4. Kwa nusu mwili pamoja na mikono na chombo cha kazi, yaani kimo cha mita moja, 85mm inataka karibu mita 2.5 na 135mm inakaribia mita 4. Ukitoa kiti, mwili wa mpiga picha na ukuta wa nyuma, 135mm inatolewa nje katika vyumba vingi, na katika vichochoro vya Kiponda na Hurumzi hali haiwi nzuri zaidi. Nasema hivi kwa masikitiko kidogo, kwa kuwa Sony FE 135mm f/1.8 GM ya mwaka 2019 ni miongoni mwa lenzi kali kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa kamera hizi. Uzito wake ni gramu 950, na ilipozinduliwa bei yake ilikuwa dola 1,900 za Marekani. Lenzi kali isiyo na pa kusimamia haikumfaa.

Zilibaki tatu. Ya kwanza ilikuwa Sony FE 85mm f/1.8, iliyotoka mwaka 2017, yenye uzito wa gramu 371 na bei ya dola 600 wakati wa kuzinduliwa. Ya pili ilikuwa Sigma 85mm f/1.4 DG DN Art ya mwaka 2020, yenye gramu 630 hivi na bei ya dola 1,199. Ya tatu ilikuwa Sony FE 90mm f/2.8 Macro G OSS ya mwaka 2015, gramu 602, iliyoundwa kwa ajili ya vitu vidogo lakini inayopendwa na wengi kwa picha za uso. Nakiri kwamba siku ya kwanza kichwani mwangu nilikuwa na Sigma. Ukali wake kwenye f/1.4 unasifiwa kwa haki, na wahandisi wake walifanikiwa kuipunguza sana ukilinganisha na 85mm f/1.4 waliyoitengeneza mwaka 2016 kwa kamera za kioo, ambayo ilikuwa na gramu 1,130. Sehemu ya upungufu huo ilipatikana kwa kuiachia kamera na programu kazi ya kunyoosha mistari inayopinda, jambo ambalo kwa picha za uso halina madhara ya kutajwa.

Sikutaka tuamue kwa sifa za kusikia. Ya f/1.8 tuliazima kwa mpiga picha wa harusi wa Michenzani, ya f/1.4 ilikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam kwa rafiki aliyetuachia siku nne, na ya 90mm ninayo mwenyewe. Tulibandika kurasa tano za gazeti kwenye ukuta, moja katikati na nne kwenye pembe, tukaipima kamera kwa timazi ili iukabili ukuta bila kuinama wala kugeuka, tukaifunga kwenye tripodi na kuipa sekunde mbili za kusubiri ili kidole kisiitikise. Kila lenzi ilipita kutoka tundu lake kubwa hadi f/11, na kwa kila tundu fokasi ilipangwa upya mara tatu, kisha ikachaguliwa picha iliyo bora. Hatua hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayotofautisha kosa la lenzi na kosa la fokasi.

Kwenye tundu lililo wazi, lenzi ya f/1.4 ilikuwa bora, hasa pembeni, na maandishi yake hayakuwa na ukingo wa rangi wa kusumbua. Ile ya f/1.8 ilikuwa kali katikati tangu mwanzo, ila kulikuwa na zambarau na kijani kidogo mbele na nyuma ya fokasi, na pembe zake zililegea. Ilipofika f/2.8 tofauti ilikuwa imepungua sana. Kwenye f/4 tulilazimika kutazama jina la faili ili tujue ni lenzi gani. Kwenye f/5.6 tulionyeshana picha kwenye skrini bila kutajiana lenzi, na hakuna aliyebahatisha sawasawa zaidi ya vile ambavyo sarafu ingebahatisha. Ile ya 90mm ilikuwa kali kila mahali tangu f/2.8, lakini ilikuwa nzito kidogo kuitafuta fokasi pale mwanga ulipopungua, na hilo kwa mtu anayepiga harusi za usiku ni upungufu wa kweli.

Matokeo haya yana sababu zake. Tundu likiwa wazi, mwanga unaopita kandokando ya vioo ndio unaoonyesha ubora au udhaifu wa usanifu, na hapo lenzi ya bei kubwa hujitenga na nyingine. Tundu linapozibwa, mwanga huo wa kando hukatwa, lenzi njema zote hukaribiana, na baadaye kikomo huwekwa na kitu kisichonunulika: mwanga wenyewe hupinda unapopita kwenye tundu dogo, na nukta moja hugeuka kuwa kiduara. Kwenye f/5.6 kiduara hicho kina upana wa maikromita 7.5, sawa na pikseli mbili za kamera hii. Kwenye f/11 kinafika karibu maikromita 15, ambazo ni pikseli nne. Kwa hiyo kwa kihisi hiki f/4 hadi f/5.6 ndipo palipo na ukali mkubwa kuliko kote, na ndipo palipotakiwa na kazi yenyewe, kwa sababu mteja alitaka jicho, kofia na mkono ulioshika patasi vionekane vyote.

Nilimwambia anunue ile ya f/1.8. Aliniuliza, tena kwa haki, iwapo sikuwa nampa lenzi ya bei ndogo kwa kumhurumia. Nilimjibu kwamba lau kazi ingekuwa ni maharusi watupu, wanaotaka jicho moja liwe kali na dunia yote nyuma yake iyeyuke, ningemwambia asubiri, aweke akiba na anunue ile ya f/1.4. Kwa wazee hawa kumi na mbili, tundu la f/1.4 lisingefunguliwa hata mara moja, na gramu 250 za ziada zingebebwa bure kwenye ngazi za nyumba za mawe. Lenzi ya f/1.8 inasogelea hadi mita 0.8, na kwa umbali huo fremu inachukua takriban sentimita 28 kwa 18, inatosha kuijaza mikono miwili iliyoshika sindano na kofia. Zaidi ya hayo, kulikuwa na dola 600 zilizobaki, nazo zilikuwa na kazi ya dharura kuliko theluthi mbili za hatua ya mwanga kwenye lenzi (hatua moja ni mwanga kuongezeka mara mbili).

Kazi hiyo ilikuwa mwanga. Mtu anayehama kutoka f/1.8 na 1/80 kwenda f/5.6 na 1/250 amepoteza hatua tano za mwanga, yaani amebakiwa na sehemu moja kati ya thelathini na mbili hivi. Ndani ya chumba kile cha dirisha moja kamera ilitaka ISO inayopita 4000, na kwa ISO hiyo chembechembe huanza kula vinyweleo na vitundu vya ngozi, vitu vilevile tulivyovitafuta kwa kamera na lenzi. Tulilitatua jambo hili kwa njia mbili. Wazee waliokubali kutoka nje waliketi barazani au kwenye ua wa ndani kabla ya saa tatu asubuhi, wakati jua linapiga ukuta wa juu wa chokaa upande wa pili wa kichochoro na ukuta huo kuurudisha mwanga chini ukiwa laini na mweupe. Hapo ISO ilikuwa kati ya 200 na 400. Kwa wale ambao miguu haikuwaruhusu, alinunua flashi moja na mwavuli mweupe, akaiweka upande wa dirisha ili mwanga wake uungane na wa asili. Kamera hii inakubali flashi hadi 1/250 ya sekunde, na mmweko wenyewe ni mfupi zaidi ya hapo, hivyo kichwa kinachosogea hugandishwa bila taabu. Naamini flashi na mwavuli vilichangia ukali wa picha zile zaidi ya lenzi yoyote tuliyoipima, na namshauri kila mwenye kuhesabu fedha yake ahesabu na hivyo pamoja.

Lenzi ya kwanza aliyoinunua ilirudishwa. Tuliipima kwa kurasa zilezile tano na upande wa kushoto ukawa laini kuliko wa kulia katika kila tundu hadi f/5.6, dalili kwamba kioo kimojawapo hakikukaa katikati. Muuzaji aliikubali picha ya ushahidi na kumbadilishia. Ndiyo sababu namsihi mnunuzi afanye jaribio la ukuta ndani ya siku za kwanza, kabla ya muda wa kurudisha kwisha, kwa maana sifa za lenzi kwa jina haziithibitishi ile iliyomo mkononi mwako.

Kuhusu utunzaji nitasema machache, ingawa fangasi wa lenzi ya kwanza walinipa sababu ya kusema mengi. Alinunua boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, kipimo kidogo cha unyevu na vijiwe vya kufyonza maji, na anaihifadhi humo kamera katika unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Anapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi huiacha ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la nje, kwa sababu kioo baridi kinapokutana na hewa ya pwani hufunikwa na umande papo hapo, na umande ukijirudia ndio unaowapa fangasi nafasi ya kuota. Lenzi ya zamani haikai boksi moja na mpya.

Jambo lililonishughulisha hadi mwisho lilitokea baada ya uchaguzi kuonekana umekamilika. Picha kumi na moja zilikubaliwa. Ya kumi na mbili, ya mzee mshona kofia aliyevaa kanzu nyeupe ya pamba laini, ilikuwa na mawimbi ya rangi kifuani, waridi na kijani, mithili ya mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mpiga picha wangu alidhani kihisi kimeharibika. Sababu yake ilikuwa kwamba lenzi sasa ni kali vya kutosha kuzifikisha nyuzi za kanzu moja moja kwenye kihisi, na kamera hii haina kile kichujio cha kulainisha ambacho kamera nyingi za zamani zilikuwa nacho mbele ya kihisi. Kwa umbali wa picha hiyo, mita 2.4, pikseli moja ni takriban milimita 0.1 ya kitambaa, na mfumo wowote unaojirudia kila milimita 0.2 au chini ya hapo kamera haiwezi kuusoma sawasawa, na badala yake huchora mawimbi ambayo hayamo kwenye nguo. Rangi husumbuka hata kabla ya kufika hapo, kwa kuwa pikseli za nyekundu na buluu ni chache kuliko za kijani. Lenzi yake ya zamani, kwa ulegevu wake, ilikuwa imemficha jambo hili miaka yote.

Programu ya kompyuta ilipunguza rangi lakini ikaacha mabaka ya kijivu, na kwenye chapa ya sentimita 90 mabaka hayo yalionekana kutoka mlangoni. Alirudi kwa mzee, akaomba radhi, akapewa asubuhi nyingine. Safari hii alipiga kwa mafungu matatu. La kwanza lilikuwa kama mwanzo, la pili alisogea karibu hadi nyuzi ziwe kubwa kwenye kihisi, na la tatu alibaki umbali uleule lakini akaliziba tundu hadi f/11, ili ule mpindo wa mwanga ambao kwa kawaida tunaukwepa uzilainishe nyuzi kabla hazijafika kwenye pikseli, huku flashi ikifidia mwanga uliopotea. Fungu la pili lilikuwa kali kuliko yote, ila mikono ilitoka nje ya fremu, na fundi wa kofia bila mikono yake mteja asingeikubali. Fungu la tatu likikuzwa kwenye skrini lilionekana laini kidogo usoni, na baada ya kuongezewa ukali kwa programu na kuchapwa, matundu ya kofia yalihesabika na kanzu ilikuwa nyeupe tupu. Picha iliyotundikwa ukumbini ilitoka katika fungu hilo: f/11, 1/250, ISO 200, umbali wa mita 2.4.